Upepo wa Kushonea

Kibao cha dukani kwake kiliandikwa HAPA TUNASUKA MOTA, lakini jua la miaka mingi lilikuwa limelilamba neno la mwisho mpaka likabaki kivuli. Kwa hiyo kila wiki hakukosekana mama mmoja au wawili wa kuchungulia mlangoni na kuuliza kama kuna nafasi ya kusukwa nywele. Yeye aliwajibu bila kuinua kichwa, "Nywele hapana. Kama una feni iliyoungua, kaa tuongee." Watu wakamwita Msusi kwa utani, na jina likamnata hata akachoka kulikataa.

Kazi yake ilikuwa kufufua mota. Pampu za maji, feni, mashine za kusaga, zote zililetwa kwake zikinuka moshi. Alizifungua, akachomoa nyaya za shaba zilizogeuka nyeusi, akahesabu kila koili ilikuwa na mizunguko mingapi, kisha akazisuka upya kwa waya mpya, mzunguko kwa mzunguko, mpaka vidole vikaota sugu. Alikuwa na miaka kumi na minane katika kazi hiyo, ndani ya chumba cha hatua nne kwa tatu chenye benchi moja na dirisha la nondo. Hakuwahi kujiuliza mambo makubwa kuhusu umeme. Umeme uliingia, mota ikazunguka, mteja akaondoka na mzigo wake. Basi.

Shangazi yake ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Aliishi peke yake juu ya mgongo wa kilima nyuma ya mji, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele kilikuwa cherehani, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa tu. Sare za nusu ya wanafunzi wa pale mjini zilipita mikononi mwake. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, ya chuma cheusi, na aliikanyaga kuanzia asubuhi mpaka jua linapolegea, akiongea na nguo kana kwamba zinamsikia.

Mwaka ule goti lake la kulia likagoma. Kwanza aliona ni uchovu. Kisha likavimba, na daktari akamwambia waziwazi kwamba kukanyaga cherehani ndio mwisho, la sivyo hata kutembea kutakuwa shida. Msusi alipopanda kilima kumjulia hali, alimkuta ameketi mbele ya cherehani, mikono imelala mapajani.

"Nimeizoea tu hii sehemu," Shangazi alisema, kama mtu aliyefumaniwa. "Nikikaa kwingine nasikia niko ugenini."

Msusi alirudi mjini siku hiyo akiwa na mambo mawili kichwani. Mota ndogo ya kuendesha cherehani alikuwa nayo, aliwahi kusuka tatu za namna hiyo. Umeme wa kuiendesha ndio haukuwepo. Nguzo za umeme ziliishia chini ya kilima. Juu ya bati kulikuwa na paneli ndogo ya jua, na ukungu wa pale juu, uliokaa miezi saba kila mwaka, uliifanya iweze taa mbili na simu, zaidi ya hapo ilinyoosha mikono. Kitu ambacho kilima kilikuwa nacho kwa wingi ni upepo tu, na upepo ndiyo habari ambayo haikuzungumzwa katika nyumba ile.

Miaka ishirini na sita nyuma, mchana mmoja, upepo ulilishika bati la nyumba kutoka upande wa bondeni na kuanza kulifunua. Mume wa Shangazi alipanda juu na mawe na kamba ili alikandamize. Bati moja likang'oka na yeye akiwa amelishikilia. Aliishi siku tatu. Tangu hapo Shangazi alilipigilia mbao dirisha la upande wa bondeni, na neno upepo likatoka kinywani mwake. Alisema "yule". Yule ameamka leo. Yule amenichukulia kanga kwenye kamba. Yule hana haya. Msusi alikua akijua kwamba Yule ni jirani mbaya asiyeweza kuhamishwa.

Ndiyo maana alianza kazi bila kumwambia.

Katika pembe ya duka kulikuwa na gurudumu la pikipiki ya umeme ambalo mteja mmoja alilitelekeza. Mota yake ilikuwa ndani ya gurudumu lenyewe: koili katikati zimesimama tuli, na ganda la nje, lililobandikwa sumaku kwa ndani, likizunguka kuzifunika. Msusi alitoa waya uliokuwemo, ambao ulikuwa mnene na wa mizunguko michache, akasuka mwembamba zaidi na kuuzungusha mara nyingi zaidi, ili mota iweze kutoa umeme hata ikizunguka polepole. Ilimchukua wiki mbili za saa za jioni kabla ya kufunga duka. Alipomaliza alilibana gurudumu kwenye jiriwa, akaunganisha taa ndogo, na akalisukuma kwa kiganja.

Taa ikawaka.

Akalisukuma tena. Ikawaka tena, ikafifia kadiri gurudumu lilivyopunguza mwendo, ikazima. Msusi aliangalia nyuma yake kana kwamba kuna mtu amefanya mchezo. Hakukuwa na soketi wala betri. Kulikuwa na mkono wake, na shaba aliyoisuka mwenyewe, na sumaku zilizopita karibu na shaba hiyo bila hata kuigusa. Miaka kumi na minane alikuwa ameuona mlango huu kutoka upande mmoja tu. Alivuta kigoda akaketi, akaendelea kulisukuma gurudumu lile mpaka jirani yake akaja kuuliza kama leo halali.

Jirani huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mnene mwenye matundu madogo ya moto kwenye kila shati alilomiliki. Watu walimwita Cheche. Alilitazama gurudumu, akaitazama taa, akajikuna kidevu.

"Kwa hiyo hii ni feni iliyotoroka darini," alisema.

"Ni feni inayofanya kazi kinyumenyume: upepo unaizungusha, nayo inatoa umeme. Nahitaji mlingoti wa mita tisa, wenye bawaba chini ili tuweze kuulaza na kuusimamisha."

"Na utauweka wapi?"

"Kwa shangazi."

Cheche alijua habari za kilima kama kila mtu. "Mlingoti nitachomelea," alisema. "Kumwambia mama yule, hiyo ni kazi yako peke yako."

Jumapili iliyofuata Msusi alilibeba gurudumu mpaka kilimani, akaliweka juu ya meza ya kukatia, na kumweleza Shangazi kila kitu. Shangazi alisikiliza huku akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "unataka nimkaribishe aliyeniua."

"Sikusema hivyo, shangazi."

"Nakuuliza mimi. Alimchukua mume wangu mchana kweupe. Sasa nimwambie karibu, kaa, nishonee?"

Msusi aliuchukua mkono wa shangazi yake na kuuweka juu ya gurudumu. "Sukuma tu," alisema. "Upepo haumo humu. Ni mkono wako."

Shangazi alisukuma kidogo, kwa adabu, kama anayeonja mboga ya ugenini. Taa ikapepesa. Akaondoa mkono haraka, akautazama upande wa kiganja na upande wa nyuma. Kisha akasukuma kwa nguvu. Taa ikamulika mkasi, ikamulika chaki, ikamulika uso wake.

"Huu umetoka kwangu?"

"Kwako. Chai uliyokunywa asubuhi, imefika mkononi, imekuwa hiyo."

Alisukuma mara ya tatu na ya nne. Alikuwa na miaka sitini na minne, na Msusi hakuwahi kumwona amefungua mdomo namna ile, kama mtoto anayetazama vifaranga wakitoka kwenye yai. Baada ya muda alilisimamisha gurudumu kwa viganja vyote viwili na kushusha pumzi.

"Mweke mbali na nyumba," alisema. "Nje ya uzio. Na asije akapiga kelele."

Mapanga matatu ya kukamata upepo Msusi aliyachonga mwenyewe kutoka kwenye mbao za mninga, kwa randa na msasa, kila moja refu kama mguu wa mtu mzima, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, limejipinda kidogo kama jani la mahindi. Aliyapima kwenye mizani mpaka yakalingana uzito, akayafunga kwenye gurudumu. Nyuma alifunga mkia wa bati wenye bawaba yake, ili upepo ukizidi mkia ujikunje na kuyageuza mapanga pembeni, yaache kuukabili. Kutoka juu, nyaya tatu zilishuka ndani ya mlingoti hadi kwenye kisanduku alichokifunga usawa wa kifua, na kutoka hapo zikaingia nyumbani kwenye betri. Ndani ya kisanduku kulikuwa na mkono mwekundu.

"Huu ndio breki," alimwambia Shangazi. "Ukiuvuta chini, zile nyaya tatu zinashikana, mota inajikaba yenyewe, mapanga yanasimama. Ila usiuvute wakati yamepamba moto, utaiunguza mota na hayatasimama. Ngoja yapunguze. Yakipunguza tu, vuta."

"Nitajuaje yamepunguza?"

"Weka mkono kwenye mlingoti. Utasikia."

Walisimamisha mlingoti Jumamosi asubuhi, wao wawili pamoja na Cheche na majirani wanne wa kuvuta kamba za chuma. Ulipanda polepole, ukanyooka, ukafungwa pande nne. Wote wakarudi nyuma, wakainua macho.

Hakuna kilichotokea. Jani halikutikisika.

Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, kimya. Kilima ambacho hakikuwahi kukaa juma zima bila kupeperusha nguo ya mtu kikatulia kama maji ya ndoo. Watu walipanda kutazama wakashuka wakicheka. Cheche alipita dukani kila asubuhi na swali jipya: labda mlingoti umemtisha, labda kahamia kwa jirani, labda anataka barua rasmi. Shangazi peke yake hakucheka. "Anajua," alisema. "Anatutazama."

Siku ya tisa Msusi alikuwa kilimani, amepiga magoti akikaza boliti za kisanduku, aliposikia nyasi za bondeni. Alikuwa amezisikia maisha yake yote asizisikilize. Kisha kitu kikampita shavuni, na juu yake kukatoka mlio mdogo, kama mtu anayepapasa kitambaa. Panga moja lilisogea, likasita. La pili likashika nafasi yake. Yakaanza kuzunguka kivivu, kisha kwa kujiamini, kisha Msusi hakuweza tena kuyahesabu. Yalikuwa duara la kijivu, na mbingu ilionekana kupitia kwake.

Alikimbia ndani. Sindano ya mita kwenye betri ilikuwa imepanda. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika ukingo wa meza.

"Amekuja?"

"Amekuja. Kaa hapo, shangazi."

Shangazi aliketi mbele ya cherehani yake ya chuma cheusi, ambayo sasa ilikuwa na mota ndogo ubavuni na kikanyagio cha umeme sakafuni. Akaweka kipande cha kitambaa cheupe chini ya sindano. Akagusa kikanyagio kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, basi, kwa ncha tu.

Sindano ikaenda. Mshono ulitoka mnyoofu, wa sawasawa, ukafika mwisho wa kitambaa ukaendelea kushona hewa. Shangazi aliondoa mguu. Kukawa kimya, isipokuwa ule mvumo wa nje. Alikiinua kitambaa kwenye mwanga, akaupitisha ukucha juu ya mshono taratibu, tundu kwa tundu.

"Huu ameushona yeye," alisema kwa sauti ya chini.

"Mmeushona wote wawili."

Shangazi alichukua kitambaa kingine. Mpaka saa tisa alikuwa ameshona mashati manne, na mara kwa mara alisimamisha kazi, akageuza sikio upande wa bondeni, akasikiliza, kisha akaendelea. Kabla Msusi hajashuka mjini, Shangazi alimwomba alete nyundo siku akirudi. Alitaka zile mbao za dirishani zitoke, maana alichoka kukisikia kitu kinachomfanyia kazi bila kukiona.

Miezi miwili ilipita hivyo. Sare zikarudi kushonwa. Kisha ikaja ile Alhamisi.

Msusi alikuwa dukani, mchana, pampu imefunguliwa mbele yake, alipoona karatasi za barabarani zikipanda juu ya paa la duka la mkabala na kuendelea kupanda. Alitoka nje. Juu ya kilima mawingu yalikuwa yanakimbia upande mmoja kama ng'ombe walioshtuliwa. Alipiga simu. Iliita muda mrefu.

"Shangazi, mkia umejikunja? Angalia dirishani."

Sauti ya Shangazi ilifika vipande vipande, na nyuma yake kulikuwa na mlio ambao Msusi hakuwahi kuusikia ukitoka kwenye mashine yake, mwembamba na wa juu. "Haujajikunja. Umenyooka. Yule anapiga mbiu."

Bawaba ya mkia ilikuwa imekwama. Mapanga yalikuwa yanaukabili upepo wote uso kwa uso, na yakiendelea hivyo yangepasuka na kuruka vipande, na nyumba ilikuwa umbali wa hatua thelathini.

"Toka ndani, shangazi. Pita nyuma, shuka kwa jirani. Acha mapanga yavunjike."

"Breki si iko palepale?"

"Usiende huko. Nisikilize, usiende."

"Nakwenda," alisema Shangazi, na simu ikakatika.

Cheche aliiona sura ya Msusi, akawasha pikipiki yake bila kuuliza neno. Walipanda kilima wakiwa wameinama, upepo ukiwasukuma pembeni kila kona, na kwenye kona ya mwisho pikipiki ikawashinda wakaiacha imelala, wakakimbia.

Yaliyotokea juu wakati huo Shangazi aliyasimulia baadaye, na hakuyaongeza chumvi. Alitoka kwa mlango wa mbele akiwa ameishika fimbo yake. Upepo ulimwangusha mara moja kabla ya lango na mara ya pili baada yake. Sehemu iliyobaki aliitambaa. Alipofika kwenye mlingoti aliukumbatia, akajivuta mpaka akasimama. Ulikuwa unatetemeka mpaka meno yake yakagongana. Alifungua kisanduku, akaushika mkono mwekundu, na hakuuvuta. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kuuvuta, lakini alikuwa ameambiwa angoje.

Akabandika kiganja na shavu kwenye chuma, akangoja.

Alisema kwamba pale ndipo alipomsikia kwa mara ya kwanza. Kutoka mbali, kutoka ng'ambo ya bonde na ng'ambo ya vilima vingine, kitu kisicho na mwisho kilikuwa kinakuja, kinapita ndani ya chuma, ndani ya kifua chake, kinakwenda zake. Alikitafutia hasira asiione. Alijitafuta yeye mwenyewe ndani yake, na mume wake, asijione wala asimwone. Kilikuwa kikubwa mno. Kisha mtetemo ukashuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi katikati ya sentensi, na Shangazi akavuta mkono mwekundu mpaka chini.

Msusi na Cheche walipotokea juu, mapanga matatu yalikuwa yakizunguka kwa uvivu tu mbele ya mawingu yanayokimbia, na Shangazi alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye mlingoti, kilemba kimekwenda, nywele zake nyeupe zimesimama wima.

Msusi alianguka magotini mbele yake, akamshika mabega, mikono, goti. "Umeumia? Niambie ukweli, umeumia wapi?"

"Viganja tu, nimechubuka." Shangazi alikuwa anatazama juu ya bega lake, kule bondeni. Macho yalikuwa yamejaa machozi lakini sura yake haikuwa ya mtu anayelia. "Mwanangu, kumbe anapita tu."

"Nani?"

"Upepo. Miaka yote nilidhani alikuja kwetu. Alituchagua. Nikamwekea kinyongo, nikampigilia mbao." Alitikisa kichwa taratibu. "Hata hajui kama tupo. Anatoka huko asikokujua mtu, anakwenda huko. Mume wangu alikuwa njiani tu."

Cheche, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alivua kofia yake na kuishika mkononi. Walikaa wote watatu pale chini, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusimama sawasawa, mpaka mawingu yalipokwisha kupita.

Wiki iliyofuata waliulaza mlingoti. Bawaba ya mkia ilikuwa imeshika kutu na vumbi. Cheche akaitoa na kuchomelea nyingine yenye nafasi ya kutosha kuingiza grisi, na Msusi akaijaribu kwa mkono mara hamsini. Alipokuwa anafanya hivyo, Shangazi alipita kando ya mapanga yaliyolala kwenye nyasi, akainama kwa fimbo yake, akapitisha kidole ukingoni mwa moja.

"Njoo uone," alisema.

Ukingo ule, uliokuwa mbele daima katika kuzunguka, ulikuwa umelika. Rangi ilikuwa imetoka, na mbao yenyewe imechimbika vijishimo, imekuwa kavu na yenye nyuzi kama mkono wa shati la mwanafunzi mwisho wa mwaka. Miezi miwili tu. Hakuna kilichokuwa kimeigusa isipokuwa hewa na matone na vumbi lililomo hewani. Msusi alipiga magoti akatazama. Alikuwa ameuchonga mninga kwa randa ya chuma mpaka mabega yakamuuma, na hewa ilikuwa imeula.

"Itabidi nichonge mengine," alisema.

"Ya nini? Nguo ikichakaa ukingoni unaivika ukanda." Shangazi alikwishaingia ndani. Alirudi na kipande cha turubai laini alilobaki nalo tangu aliposhona mifuko ya shule, akalikata ukanda wa vidole vitatu bila kupima, akaukunja juu ya ukingo, akaukandamiza kwa dole gumba kuanzia shinani hadi nchani. Ulikaa kama ulizaliwa pale. "Gundi yako ile kali ipo?"

Ilikuwepo. Walivika mapanga yote matatu, Shangazi akikata na kukunja, Msusi akipaka gundi, Cheche akizuiwa kugusa chochote kwa sababu ya mikono yake. Msusi aliyapima tena kwenye mizani, akapunguza ukanda wa moja kwa upana wa uzi. Walingoja gundi ikauke mpaka alasiri, kisha wakaita majirani, wakavuta kamba, mlingoti ukasimama.

Hewa ilikuwa imetulia. Cheche alifungua mdomo, akaufunga.

"Subirini," alisema Shangazi. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kilima, ameegemea fimbo, mkono mwingine kivuli cha macho. Mbali, ng'ambo ya bonde, mstari wa vumbi ulinyanyuka barabarani. Kisha shamba la mahindi lote likainama, safu kwa safu, kama watu wanaopisha mkubwa. Kisha miti ya mtoni ikageuza majani yake, ikawa myeupe. Kisha nyasi za chini ya kilima, zikipanda, zikipanda. Walimtazama akija njia nzima, mpaka alipowafikia.